Zamu Ilikuwa Yangu

Asalaam aleikum kwa wenye salamu hiyo, na amani kwa wenye salamu nyingine. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeitwa hapa Kibiti niwaeleze ninyi, mnaotaka kufunga vijito vyenu ili samaki wazaane, jinsi kijito chetu kilivyokufa na jinsi kinavyofufuka. Walioniita wameniomba niseme habari za samaki. Nitazisema, ila samaki watangoja kidogo. Kwanza mjue mnamsikiliza nani. Kijito chetu hakikufa kwa ukame wala kwa maradhi. Kiliuawa. Aliyekiua alikuwa mlinzi wake, na mlinzi mwenyewe ni mimi niliyesimama hapa.

Naona mzee pale mlangoni ameacha kujipepea. Mzee wangu, endelea tu, maneno bado ni mengi.

Sitamtaja mtu kwa jina. Kijiji chetu kipo deltani, mkikiona mtakijua. Kijito ndicho nitakachokitaja, maana hakina aibu ya kuificha. Tunakiita Pazia. Mikoko imekua pande mbili za mdomo wake mpaka matawi yakashikana, na mtumbwi ukiingia unayasukuma kando kama mtu anayeingia chumbani. Ndani maji yametulia, matope ni laini, na mizizi ni mingi. Samaki huzalia humo.

Tulipokubaliana kukifunga, kijiji kizima kilisimama ufukweni. Mwenyekiti alisema maneno machache. Alisema vijito vyote ni vyetu, tuvue tutakavyo, tutege tupendavyo. Lakini hiki kimoja tusikivue, tusitie hata ndoana ya mchezo, mpaka miezi kumi na minane ipite. Kisha mti ukachomekwa mdomoni, ukafungwa kitambaa chekundu. Aliyeuchomeka ni mimi. Walitafutwa walinzi wanne wa kupokezana zamu, na jina langu lilikuwa la kwanza kutajwa. Watu wakasema, "Huyu ana macho."

Kweli nilikuwa na macho. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na lilianza zamani kuliko huo mti.

Mimi nimelelewa na bibi yangu, mzaa baba. Ni mwanamke mfupi, mkali, anayevuta ugoro na kupiga chafya kama bunduki. Kama mnavyojua desturi zetu, bibi ana utani na mjukuu wake. Basi mimi ananiita mume wangu, na nilipooa, Bibi akawa anamwita mke wangu mke mwenzangu. Asubuhi utamsikia mlangoni kwake, "Mke mwenzangu, huyo mume wetu umemlaza na njaa? Mbona anatembea kama kaa?" Huyo ndiye bibi yangu.

Anaijua miti. Akinituma porini nilikuwa naambiwa kila kitu: huu wa tumbo, huu wa homa ya mtoto, huu ukiutafuna jino linanyamaza. Hakunificha mti hata mmoja, isipokuwa kazi moja ya mti mmoja. Nyuma ya nyumba yake kuna kichaka cha utupa. Majani yake aliyaponda kuua chawa wa kuku, na hiyo nilifundishwa. Lakini wazee wa zamani walitumia utupa pia kwenye maji, kulewesha samaki. Nikimuuliza alisema, "Hiyo si yako. Ukiijua itakuchosha."

Ndugu zangu, mwambie mtoto kitu kitamchosha, uone kama atalala.

Nilikuwa na miaka kama saba. Mto ulikuwa umefurika kisha ukarudi, ukaacha kidimbwi shambani kwetu, kimejaa samaki. Bibi akatwanga utupa kwenye kinu, akabeba, akaenda peke yake. Nikamfuata kwa magoti kati ya mabua. Nikaona anavyouchanganya na matope, anavyoumimina, na povu jeupe kama maziwa likitanda. Nikaona samaki wakija juu, vinywa wazi, wanageuka ubavu. Moyo wangu ulidunda kwa furaha. Nikajiona nimeshakuwa mtu mzima.

Alinikuta njiani. Akaniuliza, "Umeona?"

Nikasema, "Sijaona."

Magoti yangu yalikuwa na tope. Akayatazama magoti, akanitazama usoni, akapita. Hakuniuliza tena.

Sasa njooni kwenye mwaka ule. Pazia kilikuwa kimefungwa miezi kumi na sita. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na arobaini yake ilikuwa imefika. Wakwe zangu walikuwa wanakuja kutoka Chumbi: baba mkwe, mama mkwe, mashangazi, na shangazi mmoja mwenye mdomo kuliko wote. Watu wa Chumbi ni wakulima wa mpunga. Wakija kwa mkwe wao mvuvi, wanataka kula samaki mpaka waseme basi.

Siku hizo yalikuwa maji mafu. Wa bara nitawaeleza: kuna siku za bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana, na samaki hutembea. Na kuna siku za maji mafu, bahari inakuwa kama mtu mvivu, inapanda kidogo na kushuka kidogo. Nilitega siku tatu. Nikapata hongwe wawili na kaa mmoja asiye na gando.

Mke wangu, amembeba mtoto, akaniuliza, "Wageni watakula nini?"

Hilo tu. Maneno matatu. Nataka myakumbuke, kwa sababu baadaye niliyafanya kuwa mengi.

Alfajiri nikaingia zamuni, kwenye mdomo wa Pazia. Jua linachomoza, na ndani nikawaona mkizi wanaruka. Mkizi mnamjua, akiruka anaruka kama anayekutukana. Wamenona, migongo ya fedha, mmoja baada ya mwingine. Mimi nina mkuki wa kufukuzia wezi, na mwizi sina.

Nikasema moyoni: si wote, ni tenga moja tu. Nyavu itaonekana, itaacha alama kwenye matope. Utupa hauachi alama. Tena haya ni maji mafu, hayatembei. Pembe ile ya ndani ni kama kidimbwi cha Bibi. Nitaweka pale pale, nitaokota, yatakwisha pale pale.

Mnaona nilivyokuwa na akili? Kila nilichokuwa nakijua nilikiita kije kinisaidie. Mwezi niliujua, maji niliyajua, mti niliujua.

Nikarudi nyumbani mke wangu akiwa kisimani. Nikachuma nyuma ya nyumba ya Bibi, nikatwanga kwenye kinu chetu, nikarudi. Povu likatanda kama nilivyoliona nikiwa na miaka saba. Kabla ya saa tatu nilikuwa na mkizi tenga zima. Wageni walikula. Shangazi mwenye mdomo alilamba vidole akasema, "Mwanetu hakuolewa, amepelekwa peponi." Watu wakacheka, nami nikacheka, na nikamwongezea mchuzi.

Siku ya tatu mlinzi mwenzangu alikuja anakimbia, hana sauti.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Kidimbwi cha Bibi hakina pa kwenda, kinakauka na habari yake inakwisha. Kijito kina pa kwenda hata katika maji mafu. Ingekuwa bamvua, maji yangeuchukua utupa wangu baharini kwa mkupuo mmoja. Maji mafu hayakuuchukua. Yaliupandisha kidogo, yakaushusha kidogo, yakaupandisha tena, kama mtu anayekoroga uji kwa mwiko, siku mbili mfululizo, mpaka kila mzizi ukafikiwa. Tulipoingia, vitoto vya samaki vilikuwa vimetanda juu ya maji kama pumba za mpunga. Vidogo kama kucha. Miezi kumi na sita ya kijiji kizima, imegeuka ubavu. Ndege walikuwa wameshiba, wamesimama tu.

Mzee mmoja aliokota majani yaliyopondwa yaliyonasa kwenye mzizi. Akayanusa. Akasema, "Utupa." Sote tulijua kichaka cha utupa kiko nyuma ya nyumba ya nani.

Walikwenda kwake watu kama thelathini, nami nikiwa miongoni mwao. Alikuwa ameketi barazani anasuka ukili wa mkeka. Walimuuliza. Akasema, "Mti ni wangu. Mkono si wangu."

"Mkono wa nani, Bibi?"

Akaendelea kusuka. Hakunitazama hata mara moja, na kwa kutonitazama kwake nilijua anajua.

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe ndiye uliyekuwa zamu. Uliona mtu?"

Nikasema sikuona mtu. Ningeishia hapo ingekuwa uongo wa kawaida. Lakini mtu anayezama hushika chochote. Nikaongeza, "Mimi utupa wa maji siujui. Hapa kijijini anayeujua ni Bibi peke yake."

Ndugu zangu, nawaambia, nimewahi kupinduka na mtumbwi, nimewahi kuchomwa na taa, yule samaki wa mwiba. Sijawahi kusikia maumivu kama ya sentensi ile ilipokuwa inatoka kinywani mwangu na ulimi wangu haukusita.

Bibi akapiga chafya. Akasema, "Alhamdulillahi." Akaendelea kusuka.

Kuanzia siku ile watu walimwacha. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimwacha tu. Kwetu wanawake huvuna mpunga kwa kusaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule. Zamu ya Bibi ilipofika, shambani hakuja mtu. Mikeka yake haikununuliwa. Akitoa salamu, anajibiwa na mtu anayetazama kwingine. Mama mmoja alimkataza mwanawe kupokea muwa kutoka mkononi mwake. Akabaki kwenye shamba lake peke yake, mgongo umepinda, anavuna kwa kisu kidogo, na ndege wanavuna upande wa pili kumzidi.

Nikienda kumsaidia ananifukuza. "Nenda kalinde kijito chako, mume wangu. Mie nimepata nafasi, watu walikuwa wananipigia kelele."

Nyumbani nako kukachacha. Mke wangu akaniuliza, "Kinu kinanuka nini?"

"Dawa ya kuku."

"Kuku gani? Siye tuna kuku?"

Akakiinamia kile kinu, akanusa tena, akasimama taratibu. Mtoto yuko mgongoni. Alikuwa hajasema neno, nami nikaanza kupiga kelele. "Si wewe uliyeuliza wageni watakula nini? Si wazazi wako? Si wewe?"

Akasema, "Nilikuuliza, bwana. Sikukutuma." Akaingia ndani. Tangu hapo akawa anampelekea Bibi chakula mwenyewe, mchana kweupe, sahani juu ya kichwa, apite mbele za watu wote. Mimi hakunisema popote. Alinisubiri.

Basi wazee wakaamua isomwe Albadiri. Ndugu zetu Wakristo mliopo, nitawaeleza. Ni kisomo. Watu hukaa pamoja wakasoma na kumshitakia Mungu mtu aliyetenda uovu asiyejulikana. Wapo masheikh wasiokipenda, na wetu mwenyewe alisitasita. Kwetu tunaamini kisomo hicho hakimkosi mwenyewe, na wengine huamini kinaweza kumpitia yeye kikamfika wa damu yake. Kilipangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya swala. Na kuna utaratibu: kabla ya kusoma, watu huulizwa mara tatu kama kuna mwenye la kusema.

Wa damu yangu alikuwa na siku hamsini na kitu, hajaota hata jino.

Katikati ya wiki ile mwalimu wa shule yetu aliniomba nimsaidie kuezeka jiko lake. Ni kijana wa bara, Mkristo, amepanga karibu nasi. Tulikuwa juu ya paa tunafunga makuti, akaniuliza hiyo Albadiri ni nini. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo mnauliza kwanza?"

"Mara tatu."

"Vizuri. Hata katika Kitabu chetu, Mungu alianza kwa kuuliza."

Habari za Baba Adamu na Mama Hawa nilizijua tangu madrasa, lakini sikuwahi kuzisikia kama alivyozisimulia yeye, kuti liko mkononi. Alisema bustani ilikuwa yao yote, ila mti mmoja wa kujua mema na mabaya walikatazwa. Wakala. Macho yakafunguka. Wakashona majani wakajifunika. Jua lilipopoa Mungu akawa anatembea bustanini, nao wakajificha kwenye miti, akaita, "Uko wapi?"

Nikamuuliza, "Kwani alikuwa hajui walipo?"

"Alijua. Alitaka wajitoe wenyewe."

"Wakajitoa?"

"Adamu alitoka na kidole mbele. Akasema ni mwanamke. Tena akaongeza, huyu uliyenipa wewe."

"Ala! Akamtia na Mungu kesini?"

"Akamtia. Mwanamke naye akasema ni nyoka. Nyoka akatazama nyuma, hakukuwa na mtu."

Nilicheka nusura nianguke. Kisha nikauliza jambo lililonikaa kooni. Nikasema, "Mwalimu, lakini kujua mema na mabaya kuna ubaya gani? Si ndiyo kazi yako, kuwajulisha watoto?"

Akafikiri. Mwalimu yule ana tabia ya kufikiri kweli, hajibu upesi. Akasema, "Hata mimi hunisumbua. Ila mimi naona hivi: walipopata kujua, kitu cha kwanza walichofanya kwa ujuzi wao ni kujificha."

Nikageuza uso ili asiuone. Na nilipogeuka, kutoka juu ya paa lile, nililiona shamba la Bibi. Shamba zima, na nukta moja iliyoinama katikati yake.

Nilimalizia kufunga makuti. Sikumwambia mwalimu kitu. Lakini kuanzia saa ile kichwa changu hakikutulia. Nilikuwa nimesema mwanamke. Nilikuwa nimesema mwanamke mara mbili, mmoja aliyenilea na mmoja aliyenizalia. Nikakumbuka na neno la madrasa, ambalo nilikuwa nimelikariri kwa kuchapwa nalo: kwamba wale wawili mwishowe walisimama mbele ya Mola wao wakasema wamejidhulumu wenyewe nafsi zao. Nilikuwa nalijua tangu utoto, silisikii. Ilibidi mtu wa Kitabu kingine anieleze jinsi walivyojificha ndipo nikaelewa walivyotoka.

Alhamisi nilitamani kwenda kwa Bibi. Nilifika mpaka kwenye kichaka cha utupa, nikarudi. Nawaambia ukweli. Nilikuwa bado najipangia. Labda nisubiri swali la kwanza lipite. Labda la pili.

Ijumaa ikafika. Uwanja wa msikiti ulijaa, wanawake upande wao, ubani unafuka. Bibi alikuja amevaa kaniki yake ya kutokea, akaketi mbele, peke yake, nafasi pande zote mbili kama mtu mwenye ndui. Mke wangu akapita katikati ya watu, akaenda akaketi pembeni yake, akampakatisha mtoto. Nikaona mkono wa Bibi ukishika kichwa cha mtoto, ukikaa pale.

Sheikh akauliza, "Kuna mwenye la kusema?"

Ndimi zilikuwa mia na zaidi, na wangu ulikuwa mzito kuliko zote.

Sheikh akauliza mara ya pili. Na hapo, ndugu zangu, Bibi akamrudisha mtoto kwa mama yake. Akashika ardhi kwa mkono mmoja, akaanza kunyanyuka. Anaumwa magoti, hunyanyuka kwa awamu. Nikaelewa anachotaka kufanya. Alikuwa anakwenda kulichukua kosa langu. Mtu wa miaka ile, aliyekula jasho lake maisha yote, anakwenda kusema ni yeye, ili kisomo kisisomwe, ili kisimpitie mjukuu wake kikamfikia kitukuu.

Nikasimama. Sikumbuki kusimama, nakumbuka tu kuwa juu na watu wote wako chini.

Nikasema, "Bibi, kaa."

Akasema bila kugeuka, "Weye nyamaza, mume wangu."

Nikasema, "Kaa, Bibi. Zamu ilikuwa yangu."

Nikasema yote. Nilisema nilivyotwanga, wapi, saa ngapi. Nilisema kwamba utupa wa maji naujua tangu nina miaka saba, na kwamba niliwaambia siujui. Nilisema hakuna aliyenituma. Nilimtazama baba mkwe wangu, ambaye alikuwa amekuja kushuhudia, nikamwambia samaki wale uliowala kwangu ndio hao. Sikumtia mtu mwingine ndani, wala sikumtia shetani. Shetani hana mtumbwi.

Watu wakapiga kelele. Sheikh alikunja kitabu.

Msidhani watu walinikumbatia. Hii si hadithi ya hivyo. Baba mkwe alisema, "Umenilisha haramu nikasema bismillahi," akaondoka bila kuniaga, na ilichukua msimu mzima kunipa mkono. Kijiji kilinivua ulinzi. Kikanikataza kuvua kijito chochote mpaka Pazia kitakapofunguliwa, na siku za kufungwa zikaanza kuhesabiwa upya. Mimi, mtoto wa maji, nikawa mtu wa jembe. Nilipanda mikoko kwenye fungu la matope lililoachwa wazi na wakata miti, mche kwa mche, huku vijana wakipita na mitumbwi wakiniita Bwana Utupa. "Bwana Utupa, leo unalewesha nini?" Mwanzo nilikuwa naumia. Baadaye nikawa naitika.

Na Bibi? Nilikwenda kwake jioni ile ile, nikapiga magoti. Akasema, "Umechelewa. Mpunga wangu umeliwa na ndege."

Nikasema, "Najua."

"Hujui. Usiku wa kwanza nilikungoja. Wa pili nikakungoja. Nikasema atakuja, nimemlea mimi. Siku ya kumi nikasema labda nimelea mtu mwingine." Hapo sauti yake ilikatika, na bibi yangu si mtu wa kukatika sauti. Akatafuta ugoro wake, hakuuona, nikamwokotea.

Alipotulia akasema, "Uliona nusu, siku ile ya kidimbwi. Uliona ninavyomimina. Hukuona nilivyoshinda siku mbili nazuia pembe zote kwa udongo, wala nilivyowatoa wadogo kwa kapu nikawapeleka mtoni. Ulifika wakati wa sherehe."

Kisha akanifundisha. Yote. Kwa nini wazee waliificha, maji gani hayaguswi, nani aliwahi kuua nini. Tulikaa mpaka magharibi. Alipomaliza akasema, "Sasa unajua. Huna tena pa kusema hujui." Na tukang'oa kile kichaka pamoja, akabakiza shina moja la kuku wake.

Ndugu zangu, miezi imepita. Nataka niwashukuru. Namshukuru yule mwanamke aliyeniuliza wageni watakula nini, akabeba sahani kichwani mchana kweupe, na hakunisema kwa mtu ili nijiseme mwenyewe. Namshukuru mwalimu, ambaye mpaka leo anadhani tulikuwa tunaezeka jiko tu. Namshukuru sheikh aliyeuliza mara ya pili wakati angeweza kusoma. Nawashukuru wanawake wa kijiji, kwa sababu msimu uliofuata walikuja shambani kwa Bibi wote kwa siku moja, wakavuna bila kusema samahani, wakaimba tu. Bibi aliwaambia wanavuna kama wanaopapasa, wakacheka, mambo yakaisha. Na namshukuru yeye, ingawa nikimwambia atapiga chafya.

Mnaokwenda kufunga vijito, mtachagua walinzi wenye macho. Sawa. Lakini mimi nawaomba kitu kingine. Walinzi wenu watajua siri nyingi: samaki wamelala wapi, maji yanageuka saa ngapi, nyavu gani haionekani. Msiwaogope kwa kujua kwao. Waulizeni. Waulizeni mapema, waulizeni kwa upole, waulizeni hata mara ya pili, na waachieni nafasi ya kutoka kichakani. Na wewe utakayeulizwa, toka na jina lako. Usitoke na la mtu mwingine.

Sasa samaki. Pazia kinafunguliwa mwezi ujao, bamvua likianza. Vitoto nimeviona kwenye mizizi, ingawa kuvihesabu siwezi. Mkizi wameanza tena kuruka na kututukana. Na mwezi uliopita kijiji kilinirudishia mkuki. Sikuuomba. Waliuleta wenyewe nyumbani, na wale vijana walioniita Bwana Utupa ndio waliokuwa mbele.

Kwa hiyo mkija kwetu, mkifika kwenye ule mti wenye kitambaa chekundu, simamisheni mtumbwi mpaze sauti muulize nani yuko zamu. Mtanisikia nikijibu kabla hamjaniona.